Usizime tangazo lako la Google kabla hujakagua ekstensheni

Jamani wenye nyumba za wageni na nyie wa safari za viungo, nakuombeni msizime tangazo kwa sababu tu Google Ads imeandika konvesheni sifuri, yaani hakuna aliyebofya tangazo akafanya buking. Dada mmoja wa Jambiani, Zanzibar, kanipigia yuko mbioni kulizima lake, kliki zinaingia, hela inakatwa, buking hamna, nkamwambia hebu fungua WhatsApp kwanza, tukakuta wageni wanne wameuliza chumba wiki ile ile na tulipowauliza wote wakasema wametuona Google.

Iko hivi. Kliki Google wanaihesabu wenyewe kwao, ndo unakatwa. Ila buking inahesabiwa na kikodi kilichokaa kwenye tovuti yako, na hicho kinafanya kazi ndani ya brauza ya mgeni, sasa mgeni akiwa na ekstensheni za faragha (viprogramu vidogo vya kuongeza kwenye brauza) mfano Privacy Badger, tangazo anaweza kuliona na kubofya vizuri tu lakini kikodi kikazuiwa kisiripoti. Wenye uBlock Origin, ekstensheni ya kuzuia matangazo, wengi hata tangazo hawalioni, hao hawakugharimu kitu.

Hatua ya 1: kwenye kompyuta yako fungua Chrome, andika chrome://extensions pale juu pa anwani, zima zote, fungua tovuti, jaza fomu ya buking mwenyewe. Kisha washa moja moja urudie, uone ipi inakwamisha fomu au kikodi. Hapa usifanye haraka, ndo penye jibu.

Hatua ya 2: usibofye tangazo lako, utakatwa bure. Andika anwani ya tovuti kwa mkono, mwisho weka ?gclid=jaribio, bonyeza enta. gclid ni alama Google wanayoibandika kwenye anwani mtu akibofya tangazo. Neno hilo likipotea pale juu, kuna ekstensheni inalifuta au tovuti yenyewe inalidondosha, na bila ya gclid Google hawajui mteja katoka tangazo gani.

Hatua ya 3: kwenye Google Ads ongeza safu ya kliki batili. Zipo ekstensheni zinazobofya matangazo zenyewe kimya kimya, AdNauseam ni mojawapo, Google waliitoa kwenye duka la Chrome 2017. Kliki wanazozigundua kuwa batili hawakutozi.

Hatua ya 4, na hii mie naiamini kuliko zote: weka daftari pale mapokezi, kila anaepiga simu au kutuma meseji muulize katuonea wapi, andika tarehe. Kila Ijumaa lilinganishe na kliki za wiki ile, ndo uamue kuzima au kuongeza hela.