Somo: Chupa ya soda ya zamani, anza na mshono

Wakuu, kila anayeokota chupa ya kioo yenye maandishi yaliyotokeza hukimbilia kusoma jina la kampuni. Acheni jina kwanza; umri wa chupa unausoma kwenye mshono, ule mstari mwembamba ubavuni.

Hatua ya 1. Pitia panapochimbwa misingi ya nyumba za zamani, na kingo za mto Mirongo hapa Mwanza maji yakishapungua. Kwenye kiwanja cha mtu omba ruhusa. Ukishuka ziwani vaa gambuti, kichocho kipo.

Hatua ya 2. Loweka usiku kucha kwenye maji ya uvuguvugu na sabuni. Asubuhi tia konzi ya mchele mbichi na maji kidogo, tikisa. Mchanga hapana, unakwaruza. Maji ya moto pia hapana: niliwahi kumimina ya birika, ikalia ta! nikabaki nimeshika shingo.

Hatua ya 3, na ndiyo somo lenyewe. Fuata mshono wa kalibu (umbo ambalo kioo cha moto kilifinyangwa ndani yake) kwa ukucha, kutoka kitakoni kwenda juu. Ukipotea shingoni, mdomo ulimaliziwa kwa mkono. Ukipanda hadi ukingoni, ni kazi ya mashine. Mashine ya chupa ya Michael Owens ilianza Marekani mwaka 1903. Ninayo moja ya kijani cha maji: mshono unaishia vidole viwili chini ya mdomo, na mdomo wenyewe umekaa upande kama kofia ya mlevi. Naipenda kuliko zote.

Kisha tazama ilivyofungwa. Kizibo cha bati kilipewa hataza (haki ya mvumbuzi) mwaka 1892, cha William Painter. Shingo iliyobanwa yenye gololi ndani ni ya Hiram Codd, 1872: gesi ndiyo iliyosukuma gololi juu ibane kwenye pete ya mpira mdomoni. Watoto walizivunja wapate gololi, basi ukipata nzima shukuru.

Maswali

– Mkuu, yangu ni Coca-Cola yenye kiuno. Ni ya 1915?
Umbo ni la 1915, lakini linatengenezwa hadi leo. Na kama maandishi ni rangi nyeupe iliyochapwa, hayo hayajatokeza, basi si ya miaka hiyo.

– Kaka, yangu imekuwa zambarau, imeharibika?
Hapana dada. Kioo kilitiwa madini ya manganizi kuondoa ukijani, jua likakibadilisha. Usiianike makusudi.

– Bei je?
Ile ya mdomo wa upande, mama mmoja wa Igogo alikuwa anawekea mafuta ya taa. Nilimpa dumu jipya la lita tano, akacheka, akaniuliza kama nina hakika.