Namna ya Kupanga Uangalizi wa Karibu kwa Wagonjwa Walio Hatarini Wodini

Mara nyingi agizo la "aangaliwe kwa karibu" huandikwa kwenye faili bila kueleza hatari inayoogopwa, mtu anayewajibika, wala wakati wa kulipitia upya, na mwishowe kazi yenyewe humwangukia mwanafunzi wa uuguzi au jamaa aliyeleta uji. Kwa hiyo, kabla ya kuiomba kaunti wauguzi zaidi, msimamizi wa wodi aanze kwa kuhakikisha mambo hayo matatu yameandikwa kwa kila mgonjwa, kwani anayehofiwa kuanguka haangaliwi sawa na anayehofiwa kujidhuru.

Viwango vinavyotumika kwa kawaida ni vinne: uangalizi wa jumla (unaomhusu kila mgonjwa), wa vipindi (muuguzi hupita kila baada ya muda), wa kutoondolewa machoni, na wa umbali wa mkono, ambapo mwangalizi humfuata mgonjwa hata msalani. Ule wa vipindi ndio unaokosewa zaidi. Mgonjwa aliyejaribu kujiua akishajua kwamba muuguzi hupita kila dakika 15 kamili, huwa amepewa muda wa uhakika wa kuwa peke yake. Nyakati za kupita zibadilishwe-badilishwe, na hatari ikiwa kubwa apandishwe kiwango.

Wagonjwa wanaochanganyikiwa ghafla wanahitaji maelezo zaidi, kwa kuwa kwao mlinzi peke yake hatoshi. Tuseme yupo bibi wa miaka 80 aliyevunjika nyonga, ambaye mchana alizungumza vizuri na wajukuu, lakini saa nane za usiku anavuta kanula (mrija mdogo wa dawa ulioingizwa mshipani) na kumwita marehemu mumewe. Kumfunga mikono kwa bandeji humzidishia hofu, na kuinua reli za kitanda kisha kuondoka si salama, maana aliyechanganyikiwa anaweza kuzipanda na kuanguka kutoka juu zaidi. Kitafutwe chanzo: maumivu, mkojo uliozuiliwa, choo kigumu, maambukizi, dawa za usingizi, au upungufu wa maji, ambao katika joto la kaskazi hapa Mombasa huja upesi. Arudishiwe miwani yake, taa ndogo iachwe ikiwaka, na anayekaa naye amwite kwa jina alilozoea na kumweleza taratibu mahali alipo. Muuguzi ajihadhari pia na yule anayelala kimya kutwa bila kusumbua mtu. Huenda naye amechanganyikiwa, na ndiye anayesahaulika. Jamaa akisema "tangu jana amebadilika", kauli hiyo iandikwe na daktari aarifiwe, hata kama presha na joto la mwili ni vya kawaida.

Katika kupanga zamu, kuhesabu vitanda pekee hupotosha. Wodi yenye wagonjwa 20, watatu kati yao wakihitaji jicho la kudumu, ina kazi nzito kuliko wodi yenye 30 wanaojiweza. Wauguzi wakiwa hawatoshi, wanaohofiwa kuanguka wanaweza kuwekwa pamoja kwenye vitanda vilivyo mbele ya meza ya wauguzi, wakaangaliwa na mtu mmoja asiyepewa shughuli nyingine. Mpango huo haumfai mgonjwa anayehitaji umbali wa mkono. Mwangalizi abadilishwe kabla ya muda wa saa 2 kupita, kwa sababu macho huchoka hata kwa mwenye bidii. Zamu zipishane kwa muda wa kutosha pia: wanaotoka Likoni hutegemea feri, na ikichelewa asubuhi, pengo hutokea wakati ule ule wa kupokezana. Anayetoka asiondoke mpaka amemwonyesha anayeingia mgonjwa mwenyewe, kitandani, si jina tu kwenye daftari.

Jamaa ni msaada mkubwa, na mgonjwa hutulia akiisikia sauti anayoijua, lakini wajibu unabaki kwa muuguzi. Jamaa aelezwe aangalie nini na amwite nani, na akienda kuswali au kula, nafasi yake ijazwe.

Katika kumbukumbu, alama ya vema peke yake haitoshi. Iandikwe mgonjwa alikuwa akifanya nini, alisema nini, na alikula au alikataa. Kiwango kipitiwe angalau mara moja kwa siku. Muuguzi awe na ruhusa ya kukipandisha papo hapo bila kumngoja daktari, ila kukishusha kuamuliwe na wote wawili baada ya kuzungumza na mgonjwa, na sababu iandikwe chini ya agizo la awali pamoja na saa na sahihi.