Somo: Kutia klorini katika tangi la maji la nyumbani

Kila mgao wa maji unapobadilika hapa Nairobi, naulizwa swali lile lile: niweke dawa kiasi gani? Naandika jibu kamili hapa, na watakaouliza tena nitawaelekeza kwenye somo hili.

Kwanza, sugua tangi, lisuuze, kisha ulijaze.

Pili, maji yakiwa na tope, yaache yatuame, halafu uyachuje kwa kitambaa safi.

Tatu, pima dawa. Dawa ya madoa isiyo na manukato wala sabuni, yenye hipokloraiti ya sodiamu asilimia 3.5, ina takriban miligramu 35 za klorini katika kila mililita. Maji maangavu huhitaji miligramu 2 kwa lita, kwa hiyo tangi la lita 1,000 hutiwa mililita 57, na mtungi wa lita 20 hutiwa mililita 1.1 kwa sirinji.

Nne, koroga, funika na usubiri dakika 30. Hapa ndipo wengi huharibu kazi. Dawa ikiingia majini hutokea asidi ya hipoklorasi, ambayo hupenya ukuta wa bakteria na kuwaua. Lakini asidi hiyo haichagui, bali hushambulia pia matope, kutu na utelezi ulioganda ndani ya tangi, na ikimalizikia huko, maji hubaki bila kinga ingawa dawa ilitiwa. Kinachohesabiwa ni klorini iliyobaki baada ya nusu saa, nayo isipungue miligramu 0.5 kwa lita. Ipime kwa vidonge vya DPD, ambavyo huyageuza maji kuwa ya waridi, kisha ulinganishe rangi na kadi yake. Yasipogeuka, ongeza dawa na usubiri upya.

Onyo: usiichanganye kamwe dawa hii na kiosha choo chenye asidi. Gesi ya klorini itakayotoka huumiza mapafu na inaweza kuua.

Swali: Nimetia kizibo kizima kwenye mtungi na maji yananuka vibaya. Dawa imeharibika?

Jibu: Hatua ya tatu imetaja mililita na sirinji, haikutaja kizibo. Usiyanywe maji hayo. Yatumie kupigia deki.

Swali: Mwalimu, sisi tunatumia maji ya kisima kirefu. Kuna tofauti yoyote?

Jibu: Ipo, dada, na umefanya vyema kuuliza. Visima vingi vya huku vina maji ya magadi. pH ni kipimo cha asidi na magadi; kadiri inavyopanda, ndivyo magadi yanavyozidi. Katika pH ya 7.5, karibu nusu ya klorini huwa asidi ya hipoklorasi; ikifika 8.5, hubaki kama sehemu moja ya kumi, na nyingine huwa ioni ya hipokloraiti, ambayo ni dhaifu zaidi katika kuua vijidudu. Pima pH, na ikizidi 8 ongeza muda wa kusubiri. Fahamu pia kwamba klorini haiondoi floraidi, ambayo ni nyingi katika baadhi ya visima hivyo na hutia meno ya watoto madoa. Peleka sampuli maabara.

Swali: Chupa iliyokaa dirishani tangu mwaka jana bado inafaa?

Jibu: Haifai. Jua na joto huivunja hipokloraiti, na hesabu ya mililita 57 haitakuwa sahihi tena. Nunua chupa mpya na uiweke kabatini, mbali na watoto.