Sindano ya vinkristini: ya kuangalia hospitalini na nyumbani

Somo hili ni la wazazi wa Malindi na vitongoji vyake wanaompeleka mtoto Mombasa kutibiwa saratani ya damu. Katika dawa atakazopewa, vinkristini ndiyo ningependa muijue zaidi.

Hatua ya 1: Inaingia wapi. Kwenye mshipa wa damu tu. Ikipigwa kwenye uti wa mgongo kwa makosa, huua, na hakuna dawa ya kuizima. Hatari inatokana na kwamba mtoto huyohuyo hupigwa pia sindano ya mgongo, yenye dawa nyingine kama methotreksati. Ndiyo maana mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari: vinkristini iwekwe kwenye mfuko mdogo wa dripu, isiwekwe kwenye bomba la sindano, maana mfuko hakuna atakayeudhania wa mgongo. Basi uliza, tena kwa sauti: "Hii ni dawa gani, na inaingia wapi?" Mimi ni muuguzi, na mzazi anayeuliza hivyo namshukuru.

Hatua ya 2: Tazama mkono. Dawa ikivuja nje ya mshipa huunguza nyama. Mtoto mkubwa atasema "yaniwasha". Mdogo hukunja mkono, hulia, huvuta plasta. Ukiona uvimbe au wekundu kwenye kanula, kile kibomba kinachoingia mshipani, ita muuguzi papo hapo. Usingoje dripu iishe.

Hatua ya 3: Nyumbani. Kwa saa 48 vaa glavu unapomsafisha choo, mkojo au matapishi, kisha nawa kwa sabuni. Nguo zilizochafuka zifuliwe peke yake.

Hatua ya 4: Tumbo na miguu. Dawa hii hufunga choo. Mpe maji ya kutosha na dawa ya kulainisha choo aliyoandikiwa; siku mbili zikipita bila choo, piga simu kliniki. Usimwekee chochote njia ya nyuma. Taya likimuuma, vidole vikifa ganzi, au akianza kujikwaa na kuburuta unyayo, mwambie daktari kabla ya sindano inayofuata. Na dawa za fangasi za kumeza, hasa itrakonazole, usinunue dukani: huzidisha sumu ya vinkristini mwilini.

Maswali

*Dada nesi, sisi tuko Lamu. Homa ikipanda usiku, tungoje boti ya asubuhi twende Mombasa?*
La, mama. Ikifika 38, nenda hospitali ya karibu hapo Lamu usiku huohuo. Sema neno la kwanza kabisa: "Mtoto yuko kwenye tibakemia," yaani dawa za saratani, uonyeshe kadi yake. Anahitaji antibiotiki ya mshipani ndani ya saa moja. Usimpe panado kwanza ukangoja, itaficha homa.

*Nina mimba ya miezi mitano. Naweza kumfulia?*
Mwachie mwingine kwa siku hizo mbili. Kumkumbatia na kulala naye hakuna neno.

*Nasikia dawa hii yatoka kwenye lile ua la pinki la petali tano, nasi tunalo uani. Nimchemshie?*
Ni kweli, inatoka kwenye ua hilo, asili yake Bukini, yaani Madagaska. Lakini usimchemshie hata kikombe kimoja. Kiwandani hutolewa kiasi kidogo mno kutoka majani mengi, kikasafishwa, na daktari humpimia mtoto kwa miligramu. Majani yale yana sumu nyingine kadhaa, na kwenye sufuria huwezi kujua umemnywesha kiasi gani. Kama tayari amekunywa, mwambie daktari leo, hakuna atakayekugombeza.