Kihusishi kinachofuata neno "merger"

Unapoandika kwa Kiingereza kuhusu kuungana kwa kampuni, hesabu kwanza pande zinazotajwa baada ya neno "merger": zikiwa mbili, kama Exxon na Mobil zilizoungana mwaka 1999, tumia "of" au "between", kisha "and" katikati ya majina; upande ukiwa mmoja tu, kwa kuwa wa pili umekwisha kutajwa, tumia "with". Kanuni hii hufaa kwa sababu nomino hiyo, kama ndoa, hudai washirika. Hushindwa katika hati za kisheria za Marekani, ambako kampuni inayotajwa baada ya "into" ndiyo inayobaki na nyingine hutoweka. Hapo, nionavyo, ni heri kunakili maneno ya hati yenyewe.