Chakula Kikibadilika Rangi Kwenye Friza

Nyama iliyoingia kwenye friza ikiwa nyekundu ikatoka na rangi ya kahawia si lazima iwe imeoza. Wekundu ule ni mayoglobini, protini ya misuli, ikiwa imeshika oksijeni. Hewa ikizidi kuigusa kwa siku nyingi, hugeuka kahawia. Baridi hupunguza kasi ya badiliko hilo tu, hailikomeshi.

Madoa makavu, meupe au ya kijivu, yana sababu nyingine. Barafu imegeuka mvuke moja kwa moja bila kuyeyuka, ikaacha nyama imekauka. Haidhuru mtu, ila haina ladha: kata sehemu hiyo, pika iliyobaki. Kinga ni kufunga vizuri. Plastiki ing'ang'anie nyama pande zote, juu yake mfuko mzito wa friza uliokamuliwa hewa, na friza ibaki nyuzi -18 za Selsiasi. Kifuniko kikiachwa wazi kila mara, joto hupanda na kushuka, na madoa huzidi.

Kuku mchanga huwashtua wengi. Mifupa yake bado ina vitundu; ikiganda, rangi ya damu kwenye uboho huvuja, na baada ya kupikwa nyama iliyo karibu na mfupa huwa nyeusi. Kipimajoto kikisoma nyuzi 74 kwenye sehemu nene, kuku ameiva, hata awe mweusi namna gani.

Mboga ndizo zenye kazi. Vimeng'enya vyake, yaani protini zinazoharakisha mabadiliko ndani ya mboga, havifi kwa baridi. Huendelea polepole mpaka kijani kinafifia kama majani makavu. Lazima viuliwe kwa moto kwanza. Kwa nusu kilo ya mboga, chemsha lita 4 za maji mpaka yatokote hasa. Yakiwa machache, mboga huyapoza na hesabu ya muda inaharibika. Spinachi dakika 2, maharage machanga ya kijani dakika 3. Zihamishie kwenye maji ya barafu kwa muda uleule, zichuje, zikaushe, ndipo uzigandishe. Usizitoe mapema: moto usiotosha huviamsha vimeng'enya, na hapo heri usingechemsha kabisa.

Ndizi mbivu imenye kwanza, maana ganda litakuwa jeusi tii. Parachichi liponde na maji ya limau. Viazi mviringo vibichi usivigandishe. Huwa vyeusi na vyenye majimaji.

Rangi ya kuogopa ni manjano kwenye samaki wa mafuta, kama salmoni. Hapo mafuta yamechacha, kwa hiyo samaki hao wamalize ndani ya miezi 2 hadi 3. Na chochote, cha rangi yoyote, kikiyeyuka kikawa na utelezi unaonata au harufu kali, kitupe.