Nyufa za mawe ya Mwanza: jinsi vyuo vitatu vinavyoweza kuchora ramani moja

Tuseme wanafunzi wa jiolojia kutoka Dar es Salaam, Dodoma na Makerere wanataka kupima kwa pamoja nyufa za matale (mawe ya graniti) ya Mwanza. Makubaliano yafanyike kabla ya mtu yeyote kushika dira.

Hatua ya 1: GPS zote zisome kitu kimoja. Ramani za zamani za Tanzania za skeli ya 1:50,000 zilichorwa kwa datamu (msingi wa kupimia mahali duniani) ya Arc 1960, ilhali simu hutumia datamu ya WGS 84. Ukizichanganya, kituo kinahama karibu mita 300, na mwamba wa ufukweni unaweza kuukuta ziwani. Tumieni WGS 84, na gridi ya mita ya UTM, kanda ya 36 Kusini. Kila mmoja aonyeshe kifaa chake kabla ya kutoka.

Hatua ya 2: Ufa uandikwe kwa mtindo mmoja. Wengine huandika ufa unakoelekea, wengine upande unakoinamia. Namba ya kwanza ni mwelekeo, ya pili ni ukali wa mwinamo, zote kwa nyuzi. Kwa kanuni ya mkono wa kulia (ukitazama ufa unakoelekea, unainamia kuliani kwako), 045/60 ya hao wa kwanza ni ufa uleule ambao wa pili wanauandika 135/60. Namba hizo zikishaingia jedwali moja bila maelezo, hakuna wa kuzitenganisha. Mimi nachagua upande wa mwinamo. Haumwachi mtu akikisia.

Hatua ya 3: Ruhusa. Mwoneni mwenyekiti wa mtaa, kisha wenye nyumba, maana Mwanza mawe yako uani kwa watu. Watafiti wasio Watanzania waombe kibali cha utafiti Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH) mapema.

Hatua ya 4: Pimeni mwamba ambao haujahama. Matale haya yalipasuka yakiwa ardhini, maji yakapenya kwenye nyufa na kuozesha kingo, kisha udongo ukasombwa. Ndiyo maana mawe yamebaki mviringo, yamebebana. Jiwe lililobiringika halisemi chochote kuhusu mwelekeo wa asili, hata likiwa na ufa mzuri kiasi gani. Tafuteni mwamba ulioshikamana na ardhi. Magamba yanayobanduka juu kama maganda ya kitunguu hufuata umbo la jiwe lenyewe, kwa hiyo yapewe safu yake.

Kwenye Jiwe la Bismarck, lile maarufu la ziwani Mwanza, pigeni picha tu, nyundo ibaki begini. Wala msiingie majini kufuata ufa: ziwa lina kichocho.

Hatua ya 5: Changanyeni vyuo. Kila jozi iwe na watu wa vyuo viwili. Asubuhi ya kwanza wote wapime nyufa zilezile. Tofauti ikizidi nyuzi 5, angalieni kwanza kama kuna nyundo au simu karibu na dira.

Hatua ya 6: Jioni hiyohiyo pigeni picha kurasa za daftari, jazeni jedwali la pamoja, na kila chuo kibaki na nakala.